Mtoto wa selimundu mwenye damu 7.2: cha kumpa, cha kumnyima, na lini kukimbilia hospitali

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na miezi miwili, kilo 12, na vipimo vimethibitisha ana selimundu. Kliniki wamemwanzishia haidroksiurea, foliki asidi ya miligramu 5, na penisilini miligramu 125 asubuhi na jioni. Mara ya mwisho damu yake ilikuwa 7.2. Mama mkwe anasema hiyo damu ni ndogo mno, nimpe vidonge vyekundu vya fefo ninavyopewa mimi kliniki ya wajawazito (nina mimba ya miezi minne) na juisi ya rozela. Halafu muuza duka la dawa kaniambia haidroksiurea ni dawa ya saratani, mtoto mdogo hapewi. Nimeisimamisha, hii ni wiki ya pili. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Mawili hayasubiri, kwa hiyo nayatanguliza. Fefo, ambayo ni madini ya chuma na foliki kidogo, usimpe hata kidonge kimoja. Na haidroksiurea airudie kwa kipimo kilekile alichoandikiwa, bila kufidia siku zilizopita. Wiki mbili bila dawa hazijamharibu, ila faida aliyokuwa ameanza kuipata inayeyuka polepole. Waambie kliniki kwamba alikatiza, wasije wakasoma kipimo kijacho wakadhani dawa imeshindwa. Na kwa kuwa una mimba, kuigusa dawa hiyo kuna utaratibu wake, nitaufikia.

Mama mkwe wako hakukosea kuona damu ni ndogo. Amekosea sababu. Mtu anaweza kupungukiwa damu kwa kukosa malighafi ya kuitengeneza, na hapo madini ya chuma ndiyo dawa. Anaweza pia kupungukiwa kwa sababu damu inatengenezwa vizuri lakini inavunjika upesi kuliko inavyoundwa. Chembe nyekundu ya mtu asiye na selimundu huishi siku 120 hivi. Ya mwanao huishi siku 10 hadi 20, kwa kuwa himoglobini yake (kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe, ndicho kilichopimwa kikawa 7.2) ikishatoa oksijeni hujisokota kuwa nyuzi ngumu, chembe ikapinda kama mundu, ikakunjuka, ikapinda tena, mpaka ikapasuka. Uloto wake, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unafanya kazi mara kadhaa ya uloto wa mtoto mwingine na bado haufikii. Unjano unaouona machoni mwake ni mabaki ya chembe hizo. Hiyo si homa ya ini, na kumpa dawa za ini hakubadilishi kitu.

Chembe inapovunjika, chuma chake hakitoki nje. Kinabaki mwilini na kutumika tena. Mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa chuma kikizidi: kinachoingia kinakaa, hasa kwenye ini, baadaye kwenye moyo. Mtoto wa selimundu akiongezewa damu, kila mfuko mkubwa unaingia na miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mtu mzima mwenye afya hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Sasa ukimwongezea na fefo, ambayo kila kidonge kina takriban miligramu 60 za chuma, unamjazia ghala lisilo na mlango wa kutokea. Na jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: fefo ni sumu kwa mtoto mdogo akizila nyingi kwa pamoja. Kwa kilo 12, vidonge vinne vinatosha kumtapisha na kumwumiza tumbo, na konzi moja inaweza kumwua. Ni vyekundu, vinang'aa, vinafanana na pipi. Viweke juu ya kabati, si kwenye mkoba unaoning'inia kitandani.

Je, mtoto wa selimundu hawezi kamwe kupungukiwa chuma? Anaweza, kwa minyoo ya safura au kwa kulishwa uji mtupu. Lakini hilo huamuliwa kwa kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, akiwa hana homa, si kwa kutazama namba ya damu. Kuna mtego hapa ambao hata wahudumu hunasa: kwenye karatasi ya maabara, chembe zikiwa ndogo, yaani ile MCV ikiwa chini, wengi huandika "upungufu wa madini ya chuma" papo hapo. Pwani yetu hii ina watu wengi wenye alfa thalasemia, hitilafu nyingine ya kurithi ambayo nayo hufanya chembe kuwa ndogo na mara nyingi haimsumbui mtu. Mtoto anaweza kuwa nayo pamoja na selimundu. Akipewa chuma kwa sababu ya MCV peke yake, anatibiwa ugonjwa asionao.

Juisi ya rozela haina neno. Haiongezi damu ya mtoto huyu, lakini ni maji, na maji anayahitaji sana. Punguza sukari tu. Matembele na mchicha vina foleti, ndiyo foliki ya kwenye chakula, mradi visichemshwe mpaka vikawa rojo na maji yake yakamwagwa. Mama mkwe akitaka kusaidia kwa jungu lake, kazi ni hiyo.

Foliki asidi unayompa ni sahihi, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku, kwa sababu uloto unaotengeneza damu kwa kasi ile unaimaliza haraka. Usichanganye tu kopo lake na dawa zako. Wewe utapewa SP kliniki kwa ajili ya kuzuia malaria ya ujauzito, na foliki asidi ya miligramu 5 ikimezwa siku hizohizo huidhoofisha SP. Kiasi kidogo kilichomo kwenye fefo yako hakina tatizo hilo. Kwa maneno mengine, fefo ni yako na foliki ya miligramu 5 ni ya mtoto. Zisivuke mpaka.

Sasa hiyo 7.2. Watoto wengi wenye selimundu ya SS, yaani waliorithi selimundu kwa baba na kwa mama, huishi wakicheza na kukua wakiwa na himoglobini kati ya 6 na 9. Mwili wao umezoea: moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, na himoglobini yao huachilia oksijeni kwa wepesi kuliko ya kawaida. Kwa hiyo swali si kama 7.2 ni ndogo ukilinganisha na mtoto wa jirani. Swali ni kama 7.2 ni ndogo ukilinganisha na yeye mwenyewe siku akiwa mzima. Na siku hiyo ya uzima ndiyo watu hawaipimi. Mtoto hupelekwa maabara akiwa na homa tu, kwa hiyo kila namba iliyoandikwa kwenye daftari ni ya siku mbaya, na daktari wa zamu usiku hana cha kulinganishia.

Omba kliniki wampime akiwa hana homa, hana maumivu, na hajaongezewa damu kwa miezi mitatu. Namba hiyo iandike kwa kalamu nene kwenye jalada la ndani la daftari lake: "Damu yake ya kawaida ni kadhaa." Chini yake andika kundi lake la damu. Akifika hospitali na 7.0 wakati kawaida yake ni 7.2, hana haja ya kuongezewa damu, hata kama uso wa daktari mgeni umebadilika. Akifika na 5.0 ilhali kawaida yake ni 7.2, hiyo ni dharura. Kwa jumla, kushuka kwa 2 au zaidi chini ya kawaida yake, pamoja na mtoto kuhema, kulegea au moyo kumwenda mbio, ndiko kunakofungua mjadala wa kuongeza damu. Damu ikiongezwa isipandishwe kupita 10. Chembe za mundu hufanya damu kuwa nzito, na uzito huo nao huleta maumivu na hata kiharusi. Nasema haya kwa sababu kuna ndugu wanaobembeleza mtoto "ajazwe damu achangamke". Kila mfuko una gharama yake: chuma, na kingamwili ambazo mwili wake huweza kuziunda dhidi ya damu za watu wengine, mpaka siku anapoihitaji kweli ikawa shida kupata inayoendana.

Nije kwenye haidroksiurea. Muuza duka hakusema uongo, amesema nusu. Dawa hii imetumika miaka mingi kwa baadhi ya saratani za damu, kwa vipimo vikubwa na kwa lengo tofauti. Kwenye selimundu kazi yake ni kuiamsha himoglobini ya kichanga. Kila mtoto huzaliwa akiwa nayo nyingi, ndiyo maana mwanao hakuumwa miezi yake ya mwanzo. Baada ya miezi sita hivi ilipopungua ndipo ugonjwa ukajitokeza. Himoglobini hiyo haijisokoti, na ikiwa nyingi ndani ya chembe huzizuia nyuzi zisiungane. Watoto wa selimundu wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi huku wakifuatiliwa, na ongezeko la saratani halijaonekana.

Na ushahidi hautoki mbali. Utafiti mmoja mkubwa ulifanywa kwa watoto zaidi ya 600 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 nchini Angola, Kongo, Uganda, na Kilifi, yaani pwani hii hii, juu kidogo ya Mombasa. Matokeo yalitoka Desemba 2018. Walipoanza dawa, vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa takriban nusu, na kuongezewa damu na vifo kwa kiasi cha theluthi mbili. Watu waliogopa kwamba dawa inayopunguza chembe nyeupe ingewafanya watoto wa Afrika washambuliwe zaidi na malaria na maambukizi. Ikawa kinyume.

Kipimo cha kuanzia ni miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kwa kilo 12 ni kati ya miligramu 180 na 240. Kapsuli zinazopatikana kwa wingi ni za miligramu 500, na hapa ndipo mama wengi hukwama. Kliniki nyingine huagiza kapsuli nzima siku moja ndiyo, siku moja hapana, ambayo kwa wastani ni 250 kwa siku. Nyingine hutoa vidonge vya miligramu 100. Kama wamekuelekeza kuyeyusha, hesabu yake ni hii: kapsuli moja ya 500 ifunguliwe ndani ya mililita 10 za maji safi ya uvuguvugu, ikorogwe, ivutwe kwa bomba lisilo na sindano. Kila mililita inakuwa na miligramu 50, hivyo mililita 4.8 ni miligramu 240. Unga mweupe unaobaki chini ni kijazio tu, dawa yenyewe imeyeyuka. Kilichobaki kimwagwe chooni, kisiwekwe cha kesho. Lakini usibuni kipimo mwenyewe wala kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine bila kuambiwa.

Na wewe si wa kufungua hizo kapsuli. Vumbi lake halifai kwa mimba. Baba yake afungue, au mama mkwe, akiwa na glovu au mfuko wa nailoni mkononi, mbali na sahani na vikombe vya chakula. Kikombe cha dawa kiwe cha dawa tu. Ikikulazimu ufanye mwenyewe siku moja, vaa glovu, funika pua na mdomo, kisha nawa kwa sabuni. Kumnywesha tu dawa iliyokwisha kuyeyushwa, ukiwa na glovu, hakuna wasiwasi.

Damu yake ipimwe wiki mbili hadi nne baada ya kuanza, kisha kila mwezi wakati kipimo kinapandishwa, na kikishatulia kila miezi miwili au mitatu. Kinachotazamwa ni kile kipimo ambacho maabara huandika FBP, yaani hesabu ya chembe zote za damu. Nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, zikishuka chini ya 1,000, au chembe sahani, zinazogandisha damu, chini ya 80,000, dawa husimamishwa mpaka zipande, kisha hurudishwa kwa kipimo kidogo zaidi. Hiyo ndiyo sababu halali ya kusimamisha, na huamuliwa kwa karatasi. MCV ikianza kupanda ni ishara njema: dawa inamezwa na inafanya kazi. Kucha kuwa na michirizi myeusi si hatari. Usiihukumu dawa kabla ya miezi mitatu hadi sita ya kumeza bila kukosa. Tena anapoongezeka uzito kipimo kinapaswa kumfuata. Mtoto wa kilo 16 anayemeza kipimo cha kilo 12 ni kama amepunguziwa dawa.

Penisilini nayo nimeitazama. Miligramu 125 mara mbili ni kipimo cha mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka mitatu. Akishatimiza mitatu mpaka mitano ni 250 asubuhi na 250 jioni. Mwanao amepita miezi miwili, kwa hiyo liulize hilo kliniki ijayo. Ikiwa mnatumia ile ya unga wa kuchanganya na maji, chupa ikishachanganywa huwa ya siku saba, tena kwenye friji. Baada ya hapo unamnywesha maji yenye ladha tu. Pasipo friji, omba vidonge vya 250, umsagie.

Sababu ya penisilini ni bandama. Bandama ndiyo inayochuja vijidudu kwenye damu, hasa nyumokokasi, kile kinacholeta nimonia, na kwenye selimundu huziba kidogo kidogo mpaka kufikia miaka mitano mara nyingi imekuwa kovu. Lakini kabla ya kuwa kovu, ina njia nyingine ya kuua: inaweza kuvimba ghafla na kuimeza damu ya mtoto ndani ya saa chache. Asubuhi anacheza, jioni mweupe, ana kiu, hawezi kukaa, tumbo limejaa upande wa kushoto. Kule Jamaika waliwafundisha akina mama kuipapasa bandama nyumbani, na vifo vya namna hii vikapungua kwa sababu watoto walifika mapema. Hakuna mashine inayohitajika.

Mlaze chali juu ya mkeka, magoti yakunjwe ili tumbo lilegee. Afadhali awe hajashiba na hajalia. Pasha mkono joto. Simama kuliani kwake. Anza chini, karibu na kitovu, kwa vidole vilivyolala, si vilivyosimama, ukipanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto. Kila akivuta pumzi, tulia. Bandama kubwa hushuka na pumzi ikagusa ncha za vidole vyako kama ukingo wa ulimi mgumu. Usibonyeze kwa nguvu. Kisha chukua kijiti cha fagio la chelewa kisicho na ncha kali, weka mwisho mmoja kwenye chuchu ya kushoto, ukilaze wima kuelekea chini, na pale ukingo wa bandama ulipo ukate au utie alama ya wino. Hicho ndicho kipimo chake cha siku akiwa mzima. Kitunze ndani ya daftari. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki na kila anapokuwa hana raha. Huku kwetu kwenye malaria, watoto wengi wana bandama inayoshikika na si ajabu. Kinachotisha ni kuvuka alama. Ikivuka kwa upana wa vidole viwili, au ikivuka kidogo tu huku mtoto akiwa mweupe kwenye kope za chini na viganjani, huo si wakati wa kusubiri asubuhi.

Naomba hili lisikike nyumba nzima: bandama iliyovimba haikandwi. Si kwa mafuta ya nazi, si kwa mkono wa bibi mwenye uzoefu. Inaweza kupasuka. Na chale za upande wa kushoto hazirudishi damu iliyomezwa, zinamwongezea mlango wa maambukizi.

Homa ni dharura ya pili. Kipimajoto kikisoma 38.5, au 38 tu lakini mtoto kanyong'onyea, anapelekwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na hata kama penisilini hajaikosa. Panadoli unaweza kumpa njiani, lakini homa ikishuka msigeuze bodaboda. Vijidudu vya kwenye damu havijali homa imeshuka. Ukifika sema neno la kwanza: "Ana selimundu," kabla ya "ana homa." Anahitaji kipimo cha malaria na sindano ya antibiotiki siku hiyohiyo, vyote viwili. Malaria ikionekana, wengine huishia hapo, ila mtoto huyu anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja.

Kuhusu malaria kuna imani ya kuiondoa. Ni kweli kwamba mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa chembe ya urithi ya selimundu hukinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana imejaa kwenye nchi za joto na mbu kama Muheza, Pangani na Mkinga. Lakini anayekingwa ni mbebaji, mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, kama wewe na mumeo. Mwenye SS malaria inamshusha damu vibaya na ni miongoni mwa vitu vinavyomwua. Chandarua chenye dawa kila usiku, pamoja na dawa ya kinga ya malaria kama kliniki imemwandikia.

Maumivu yenyewe mengi hutulizwa nyumbani. Dawa ya maji ya parasetamoli yenye miligramu 120 kwa mililita 5: kwa kilo 12 mpe mililita 7.5 kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Isipotosha, ongeza ibuprofeni ya maji yenye miligramu 100 kwa mililita 5, mililita 6 kila baada ya saa nane akiwa amekula. Ibuprofeni isitolewe kama anatapika, anaharisha au hakojoi vizuri, kwa sababu figo zake tayari zina kazi ngumu. Asipirini hapana. Panapouma pakandwe kwa kitambaa cha joto, kamwe si barafu. Maji, kwa uzito wake, ni lita moja na kikombe kidogo kwa siku akiwa mzima, na zaidi kidogo akiwa na maumivu au jua likiwa kali. Atakojoa kitandani, tena sana, kwa kuwa figo za selimundu haziwezi kuukoleza mkojo. Asichapwe kwa hilo, wala asinyimwe maji usiku.

Kama maumivu hayakutulia ndani ya saa chache kwa dawa zote mbili, au yapo kifuani, mpeleke. Kifua ni jambo la kuogopa: akikohoa na kuhema mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mapafu yameingiliwa. Uume ukisimama kwa maumivu na usilegee, usione haya kusema. Hali hiyo ikidumu kwa muda wa saa nne, uume unaweza kuharibika moja kwa moja. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, akichechemea bila kuumia au maneno yakipotea, hicho ni kiharusi. Wapo watakaosema kapigwa na upepo. Anayepaswa kumwona kwanza ni daktari, tena mwenye uwezo wa kumwongezea damu. Kuna kipimo cha kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa mawimbi ya sauti, kinachofaa kila mwaka kuanzia miaka miwili. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa na matibabu hubadilishwa kabla kiharusi hakijatokea. Omba kliniki ikuandikie rufaa kwenda kinakopatikana, Muhimbili kwa mfano, hata mara moja kabla hajaanza shule.

Baridi pia huleta maumivu. Raskazone aende, acheze mchanga, aingie baharini jua likiwa kali, lakini akitoka akaushwe na kuvishwa papo hapo, hasa msimu wa kusi. Kama bibi yake mwingine yuko Lushoto, Juni na Julai si miezi ya kumpeleka bila soksi, sweta na blanketi zito. Kule juu kwenye mita 1,400 usiku hukata mifupa hata ya mzima.

Limebaki la mimba yako. Mtoto wa SS hupata S moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo habari za "damu ya upande wa mama" hazina mguu. Kila mimba, hii ikiwemo, ina nafasi moja kati ya nne ya SS, mbili kati ya nne ya AS, na moja kati ya nne ya AA, yaani asiye na selimundu kabisa. Kwamba wa kwanza ana SS hakuifanyi hii kuwa salama wala kuwa mbaya zaidi. Utasikia pia kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto. Ni kweli, na ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya uloto wake kuendana na wa mgonjwa. Lakini hiyo ni safari ndefu yenye hatari zake. Mwaka huu kapsuli, penisilini na kijiti cha chelewa vitamfanyia kazi kubwa zaidi.

Mtoto atakayezaliwa asipimwe kwa kile kipimo cha sikling cha tone la damu kwenye kioo. Kwa kichanga hutoa majibu ya uongo kwa sababu himoglobini ya kichanga bado ni nyingi, na hata kwa mkubwa hakitofautishi AS na SS. Omba elektroforesisi au HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini. Damu kavu ya kisigino kwenye karatasi inaweza kusafirishwa hadi maabara yenye mashine. Jibu lipatikane kabla hajafikisha miezi miwili. Likiwa AS, hahitaji dawa yoyote na asiandikwe mgonjwa popote. Likiwa SS, penisilini ianze hapohapo, miligramu 62.5 asubuhi na jioni, na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisikose hata moja.